James Young "Parafini": mtoto wa seremala wa Glasgow aliyekamua mafuta ya taa kwenye mawe (uzi mrefu)

Mzee wa Chemli (#1)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye chai avute kigoda.

Juzi umeme ulikatika mtaani saa moja jioni, nikateremsha chemli ya marehemu bibi kutoka darini. Mwanangu yuko darasa la sita. Ananiangalia ninavyofuta kioo kwa gazeti, ninavyopunguza utambi kwa mkasi ili moto usitoe pembe na kutia kioo masizi, kisha ananiuliza: "Baba, haya mafuta ya taa nani aliyaanzisha?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa: Wamarekani. Usiku nikakaa kusoma. Asubuhi ikabidi nimwite nimwambie baba yako jana alikulisha matango pori.

Biashara ya kusafisha mafuta ya madini kwa kiwango cha kiwanda ilianza Uskoti, katika mji mdogo unaoitwa Bathgate, mwaka 1851. Kisima maarufu cha Drake kule Titusville, Pennsylvania, kilitoa mafuta tarehe 27 Agosti 1859. Yaani miaka minane nzima Mskoti alikuwa anauza mafuta ambayo hayakuchimbwa kisimani. Aliyapika kutoka kwenye mawe.

Anaitwa James Young. Alizaliwa Glasgow tarehe 13 Julai 1811, mtaa wa Drygate, baba yake seremala. Mchana alikuwa kwenye randa na msumeno pamoja na mzee, na alipofika miaka 19 akaanza masomo ya jioni katika chuo cha Anderson, ambacho leo ndicho Chuo Kikuu cha Strathclyde. Chuo kile kilikuwa kimbilio la watoto wa mafundi, watu waliofika darasani na vumbi la mbao kwenye nywele. Mwalimu wake wa kemia alikuwa Thomas Graham, jina kubwa sana katika kemia. Graham aliona mikono ya kijana ni mizuri kuliko ya wasomi wengi, akamfanya msaidizi wake, na alipohamia London mwaka 1837 akaondoka naye.

Pale Anderson alipata marafiki wawili. Wa kwanza, Lyon Playfair, ndiye aliyemfungulia mlango wa utajiri. Wa pili alikuwa kijana wa kiwanda cha pamba, akisomea udaktari ili awe mmishonari. David Livingstone. Huyu mwekeni pembeni kwanza, nitamrudia.

Mwaka 1838 akaoa. Mwaka 1839 akaingia viwandani kaskazini mwa Uingereza, kwanza kwa Muspratt karibu na St Helens, halafu mwaka 1844 kwa kampuni ya Tennant kule Manchester. Alikuwa meneja wa mshahara, tena mzuri, na angeweza kustaafu hivyo hivyo.

Desemba 1847 ikaja barua ya Playfair. Shemeji yake ana mgodi wa makaa ya mawe Alfreton, Derbyshire, na humo ndani kuna majimaji mazito meusi yanachuruzika, kama galoni 300 kwa siku. Hakuna anayejua pa kuyapeleka. Wewe mkemia, njoo uone.

Naendelea chini, msinikate.

---

fundi_bomba (#2)

Siti ya mbele kabisa. Ila mkuu hapo kwenye "kupika mawe" fafanua, maana kuna watu humu watachukulia kihivyo hivyo wakaweke kokoto jikoni.

---

Mzee wa Chemli (#3)

Hahaha, nakuja huko huko.

Young akaenda, akachukua yale majimaji, akayachemsha na kuyatenganisha. Akapata mafuta mepesi ya kuwasha na mazito ya kulainishia mashine. Mwaka 1848 akafungua kiwanda kidogo pale na mwenzake Edward Meldrum. Wateja walikuwa wenye viwanda vya pamba vya Manchester. Kabla ya hapo walipaka mashine mafuta ya wanyama na ya nyangumi, ghali na yanaganda. Ya Young yalikuwa bora.

Shida ni kwamba ile chemchemi ilianza kukauka. Mfanyabiashara wa kawaida angefunga mlango akarudi kwenye mshahara. Yeye aliangalia juu. Mafuta yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye dari ya mgodi, kwenye mwamba uliokuwa juu ya makaa. Akafikiri: huenda joto la ardhini liliyachoma makaa polepole, mvuke ukapanda, ukapoa juu, ukageuka mafuta. Kama ardhi imeweza, kwa nini mimi nisiweze kwa chungu?

Akaanza kujaribu aina moja moja ya makaa. Siri aliyoipata ni moto mdogo. Waliokuwa wakitengeneza gesi ya taa za barabarani walichoma makaa kwa moto mkali, wakapata gesi nyingi na lami. Young akachoma kwa moto wa wastani, pole pole, ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa, na badala ya gesi akapata mafuta. Tarehe 17 Oktoba 1850 akapewa hataza ya njia hiyo Uingereza, yaani karatasi ya kisheria inayomzuia mwingine kuitumia njia yake bila ruhusa, na mwaka 1852 akaipata Marekani.

---

Kaka Mgosi (#4)

Kwa lugha ya mtaani huo ni mtambo wa gongo, wakuu. Pipa limefungwa vizuri, moto chini, mrija unapita kwenye maji baridi, tone tone kwenye chupa. Na mama yeyote mpikaji atakwambia ukizidisha moto umeharibu.

---

Mzee wa Chemli (#5)

Kaka Mgosi umemaliza. Tofauti yake kinachoingia kwenye pipa ni jiwe, na kinachotoka kinaoshwa kwa asidi kali halafu magadi makali ili harufu na weusi vitoke, kisha kinachemshwa tena na kugawanywa: petroli nyepesi, mafuta ya taa, vilainishi, na mwisho kabisa nta ya mishumaa.

Jiwe lenyewe alilipata karibu na Bathgate, shamba la Torbanehill, eneo la Boghead. Tani moja ilitoa kama galoni 120 za mafuta ghafi. Hiyo ni nazi iliyokomaa, ukiikuna tu tui zito limejaa bakuli. Young, Meldrum na mtu wa Manchester aitwaye Edward Binney wakaunda ubia, na mwaka 1851 mitambo ikaanza kufanya kazi.

Sasa kesi. Hapa nilicheka peke yangu usiku. Mwenye shamba la Torbanehill alikuwa amewakodisha watu wa mgodi haki ya kuchimba makaa na madini mengine yaliyotajwa kwenye mkataba. Alipoona jiwe lake linageuka dhahabu akakimbilia mahakamani Edinburgh, mwaka 1853: "Hili si makaa ya mawe! Sikuwakodisha hili!" Wakaitwa wataalamu wa jiolojia, wa mimea, wa kemia, wa hadubini, nusu wakaapa ni makaa, nusu wakaapa si makaa. Baraza la wazee wa mahakama, watu wa kawaida, ndio wakaamua: ni makaa. Mwenye shamba akarudi nyumbani na kodi yake ile ile. Kisayansi leo jiwe hilo lina jina lake mwenyewe, torbanaiti, limebeba jina la shamba lake.

---

Binti wa Pwani (#6)

Nimependa hiyo ya tui. Sasa naomba kuuliza, shikamoo mzee. Kwa nini sisi tunasema mafuta ya taa, Wakenya wengi wanasema parafini, na kwenye sinema za Kimarekani wanasema kerosini? Si kitu kimoja?

---

Mzee wa Chemli (#7)

Marahaba binti yangu. Kitu kimoja kwa matumizi ya nyumbani. "Parafini" lilikuwepo kwa wakemia wa Ujerumani tangu 1830, likimaanisha ile nta, kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya kitu kisichopenda kuungana na vingine. Young akauza bidhaa yake kwa jina la mafuta ya parafini, likaganda Uingereza, na Waingereza wakatembea nalo hadi Nairobi. Kerosini ni jina la biashara la Abraham Gesner, mtu wa Kanada, naye alikuwa anachemsha mawe na lami huko upande wake. Kwa hiyo dukani Kisumu unapoagiza parafini unatamka neno alilolieneza yule mtoto wa seremala.

Kitu kingine ambacho sikukijua: miaka ya mwanzo hakuuza mafuta ya taa kabisa, aliuza vilainishi. Ya kuwasha na nta vilianza kuuzwa kuanzia 1856 hivi. Mafuta bila taa inayofaa ni moshi na harufu tu. Mtu yeyote aliyesomea kibatari anajua, asubuhi unapenga kamasi jeusi.

---

Mtata wa Hoja (#8)

Mkuu uzi mzuri lakini unampamba sana. Mpoland Ignacy Łukasiewicz aliwasha taa yake ya mafuta hospitalini Lwów tarehe 31 Julai 1853, akitumia mafuta ya ardhini, si mawe. Na kule Baku watu wanachota mafuta karne na karne. Huyu wako amefanya nini cha ajabu? Na kampuni yake iliua watu. Burngrange, West Calder, tarehe 10 Januari 1947, wachimbaji 15 wamekufa mgodini. Mgodi wa Young's Paraffin. Andika na hayo.

---

Mzee wa Chemli (#9)

Mtata, asante, nilikuwa nakusubiri. Nakujibu kimoja kimoja.

Łukasiewicz ni kweli, namvulia kofia. Sijasema Young aligundua mafuta. Mafuta yamejulikana tangu enzi. Nilichosema ni biashara: kiwanda kikubwa, bidhaa zenye ubora ule ule kila siku, soko, na hapa ndipo msimamo wangu ulipo, karatasi. Ukinibana niseme Young alitajirika kwa nini, sitasema kemia. Nitasema hataza. Wenzake walikuwa na kemia pia. Yeye alikuwa na kemia halafu ana karatasi yenye muhuri, miaka 14, kuanzia Oktoba 1850 hadi Oktoba 1864, na aliilinda kama mbwa wa zamu. Aliyechemsha makaa kupata mafuta Uskoti au Uingereza bila kumlipa alikutana naye mahakamani, na kesi kubwa kubwa alishinda. Watengenezaji wa Marekani nao walitakiwa kumlipa mrabaha, akavuka bahari mwenyewe kuufuatilia. Kilichowaokoa Wamarekani ni Drake. Mafuta ya kisimani hayakuwa ndani ya hataza, kwa hiyo wakaacha mawe wakahamia visimani.

Mwaka 1864 hataza ikafa. Na jiwe la Torbanehill nalo linakwisha. Hapo ndipo nilipomheshimu. Akawanunua wabia wake, maana walikuwa hawapikiki tena chungu kimoja, na mwaka 1865 akaanza kujenga kiwanda kikubwa zaidi Addiewell, karibu na West Calder. Safari hii malighafi ni mwamba mwingine, wa matabaka ya udongo mgumu wenye mafuta kidogo. (Waingereza wanauita "shale", neno linalokaribiana na "sheli" yetu. Msichanganye, sheli yetu ni kituo cha mafuta, jina la kampuni ya Shell, wala hazihusiani.) Hiyo ni kama kukamua nazi mara ya pili, tui jepesi, unahitaji nazi nyingi zaidi. Mwaka 1866 akaiuza biashara kwa kampuni mpya iliyobeba jina lake, Young's Paraffin Light and Mineral Oil Company, akaanza kujitoa kwenye uendeshaji. Meldrum, mwenzake wa tangu Alfreton, akaenda kuchemsha mawe kwa upande wake Uphall.

Burngrange ni kweli. Sikuiacha kwa makusudi ila haikuwa kwenye maisha yake, alishafariki miaka 63 kabla. Gesi ya mgodini iliwashwa na taa ya wazi ya asetilini kichwani mwa mchimbaji. Taa! Kampuni iliyojengwa juu ya taa. Mimi hiyo niliisoma mara mbili nikazima simu nikalala.

---

Mtata wa Hoja (#10)

Kwenye karatasi nimekubali. Kwenye kumpamba bado.

---

fundi_bomba (#11)

Mimi nimefanya kazi ya mabomba kwenye matangi ya mafuta, naomba kuuliza la kitaalamu. Ukishakamua hilo jiwe, machicha yanakwenda wapi? Maana kama ni tani milioni…

---

Mzee wa Chemli (#12)

Fundi, swali zuri kuliko yote. Machicha hayakwenda popote! Yako pale mpaka leo. Ukiangalia picha za West Lothian utaona vilima vyekundu kama udongo wa Iringa, vimesimama wima katikati ya majani ya kijani. Si vilima vya Mungu, ni jiwe lililokwisha kuchomwa, likamwagwa kwa vitoroli miaka na miaka. Vitano vilivyoshikana karibu na West Calder wanaviita Dada Watano, na sasa vinalindwa kisheria kama mnara wa kihistoria. Kufikia mwaka 1913 sekta nzima ilikuwa inachimba zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka. Mitambo ya mwisho ilifungwa 1962, mafuta ya Mashariki ya Kati yalikuwa rahisi mno kushindana nayo.

Ujuzi haukupotea lakini. Mwaka 1924 kampuni ya Anglo-Persian, ndiyo BP ya leo, ilipotaka kiwanda cha kusafisha mafuta Uskoti ilikiweka Grangemouth, na sababu mojawapo ni kwamba jirani kulikuwa na watu waliokwisha kulelewa kwenye kazi ya mitambo ile. Grangemouth imeacha kusafisha mafuta ghafi Aprili 2025. Miaka 101.

---

Kaka Mgosi (#13)

Mzee ulituahidi Livingstone. Chai imeisha.

---

Mzee wa Chemli (#14)

Haya.

Urafiki wao haukukatika tangu Anderson. Livingstone alikuwa akimwandikia kutoka huku barani na kumtania "Sir Paraffin", ingawa hakuwahi kupewa cheo hicho. Young alisimamia fedha za familia yake. Nyumbani kwa Young, Limefield karibu na West Calder, kuna kijito chenye poromoko dogo sana, maji yanashuka kimo cha mtu tu, na rafiki zake waliliita Victoria Falls. Utani wa matajiri.

Safari ya mwisho ya Livingstone, ile ya 1866 aliyoingilia pwani ya Mikindani kuelekea Ruvuma, serikali ya Uingereza ilitoa pauni 500. Chama cha Kijiografia cha London pauni 500. James Young peke yake, pauni 1,000. Nusu ya mtaji ule ni fedha ya mawe ya Bathgate. Walipompoteza, Young akagharimia msafara mwingine wa kumtafuta kupitia Kongo, chini ya Luteni Grandy, mwaka 1873. Haukumfikia, na Livingstone alikuwa amekwisha kufa kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo.

Mnaijua sehemu inayofuata, imo kwenye vitabu vya shule. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao wakakausha mwili, wakaubeba miezi tisa hadi Bagamoyo, Februari 1874. Kisichoandikwa sana ni kwamba walipofika pale wakalipwa ujira wao, wakaambiwa asanteni. Mwili ukapanda meli, na kati ya watu wote wale aliyesafiri nao ni Jacob Wainwright peke yake. Mazishi yakafanyika London, Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili, Chuma na Susi hawapo.

Young ndiye aliyewalipia nauli. Wakafika Uingereza wakati kaburi limeshafunikwa. Wakakaa miezi kadhaa, wakamsaidia Mchungaji Horace Waller kupanga shajara za mwisho za Livingstone, maana wao ndio waliojua kila mto na kila kituo. Wakapanda Uskoti hadi Kelly, jumba la Young lililokuwa Wemyss Bay, likitazama mto Clyde. Na hapo kwenye bustani ya tajiri wa mafuta wakajenga kibanda cha miti na nyasi kama kile alichofia Livingstone, ili Young aone kwa macho.

---

Binti wa Pwani (#15)

Mimi ni wa Bagamoyo na sijawahi kuambiwa hilo. Shuleni tulipelekwa kuona ule mnara wa misheni alikolazwa, mwalimu akatuambia "walimbeba kwa mapenzi", tukaimba, tukarudi nyumbani. Habari ya kulipwa na kuachwa pwani hatukuisikia. Waliwajengaje Wazungu kibanda kile bila kulia mimi sijui.

---

Mtata wa Hoja (#16)

Hapo kwa Chuma na Susi nampa pongezi zake, moja. Lakini mkuu mbona umeruka uzeeni kwake? Au alikaa Kelly kula faida?

---

Mzee wa Chemli (#17)

Alikula faida na kuchokonoa mambo. Mwaka 1870 alitoa pauni 10,500 kuanzisha kiti cha uprofesa wa kemia ya viwandani pale Anderson, na chuo kile kile alichoingia na vumbi la mbao akawa rais wake karibu miaka kumi. Aliona maji yanayokusanyika chini ya meli yana asidi inayokula chuma, akapendekeza chokaa itiwe humo. Uzeeni, yeye na Profesa George Forbes walikuwa wanapima kasi ya mwanga kwa kurusha miali ng'ambo ya mto Clyde na kuipokea kwa vioo. Mzee wa miaka karibu 70, tajiri, anashinda anahesabu mwanga.

Sanamu ya Livingstone iliyoko Glasgow na ya mwalimu Graham, zote mbili mkono wake umo.

---

Mzee_Nyumbanitu (#18)

Nje ya mada kidogo. Kuna Mskoti mwingine wa mafuta mnayepaswa kumjua, Sir Ian Wood wa Aberdeen. Familia yao walikuwa watu wa meli za uvuvi, yeye akaingia 1964, mafuta ya Bahari ya Kaskazini yalipoanza akaigeuza kampuni kuwa ya huduma za mafuta. Kwa sisi wa Njombe na Mufindi jina hilo si geni, taasisi yake imekuwa kwenye miradi ya chai ya wakulima wadogo huku, na Rwanda pia. Naona Waskoti hawa wakishapata mafuta lazima waje kwetu.

---

Mzee wa Chemli (#19)

Mzee, huyo anataka uzi wake. Uanzishe wewe unayeishi kwenye chai, mimi nitakaa siti ya mbele.

Binti wa Pwani, nimerudi kwako kwa sababu umeuliza bila kuuliza. Chuma aliendelea kuongoza misafara, akafariki Zanzibar mwaka 1882, kifua kikuu. Young alifariki Kelly tarehe 13 Mei 1883, akazikwa Inverkip. Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, akachagua kuitwa David, akafariki 1891.

---

fundi_bomba (#20)

Nimehifadhi uzi. Mkuu, na huyo mtoto ukamwambia yote hayo?

---

Mzee wa Chemli (#21)

Nilimwambia mpaka kwenye gongo. Mama yake akanikatiza hapo.